Ukungu ukutani na mtoto mchanga ndani: mwongozo kamili, kuanzia maji hadi rangi

Kila masika hadithi ni ileile. Mama amejifungua, chumba kimeanza kunuka uvundo, na nyuma ya kitanda ukuta umeota madoa meusi. Baba ananunua Jik, anapiga ukuta mzima Jumamosi asubuhi, jioni ukuta ni mweupe na watu wanalala kwa amani. Wiki ya tatu madoa yako palepale, mara nyingi yamepanuka, na sasa mtoto anakohoa.

Watu hawa si wavivu. Wanashindwa kwa sababu wanaanzia katikati ya kazi. Ukungu, ambao kwingine huitwa kuvu au koga, huishi kwa maji. Ukiuua leo na maji ukayaacha ukutani, utaota tena. Ndiyo maana mwongozo huu una mpangilio mmoja: mtoto kwanza, maji pili, usafi tatu, ukavu nne, rangi mwisho. Nakusihi usiruke hatua, hata kama ndugu wanakuambia unachelewa.

Nimeandika nikiwa na picha ya nyumba zetu za Dar es Salaam na pwani: tofali za sementi, paa la bati, dari ya jipsamu, chumba na sebule ya kupanga. Mahali ambapo mikoa ya baridi inahitaji jambo tofauti, nimesema.

## Kabla ya ukuta, mtazame mtoto

Mtoto mchanga hupumua mara 40 hadi 60 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Tena mtoto hulala sehemu kubwa ya siku katika chumba kilekile, pua yake ikiwa shubiri moja kutoka ukutani. Hewa isiyokusumbua wewe inaweza kumziba yeye pua na kumwachia kikohozi kisichoisha. Aliye hatarini zaidi ni mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, na mtoto wa familia yenye pumu.

Lakini usiutwishe ukungu kila kikohozi. Nimonia haisubiri uoshe ukuta. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima kwa saa au simu. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni dalili ya hatari. Kuanzia miezi 2 hadi 12, ni 50 au zaidi.

Mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo ukiona pumzi hizo, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta hewa, au amekataa kunyonya, amelegea, midomo inageuka rangi, au amepata degedege. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, homa peke yake inatosha kumpeleka. Ukuta utaukuta ukirudi.

## Vifaa vya kuandaa

Kusanya vyote kwanza. Anayekatisha kazi katikati kwenda dukani huacha vumbi la ukungu likisambaa nyumba nzima.

- Barakoa ya aina ya N95. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili vizuri.
- Glavu za mpira, na miwani ya fundi iliyoziba pembeni.
- Ndoo mbili, matambara ya kutosha, na brashi ya plastiki yenye nywele ngumu.
- Sabuni ya maji au ya unga. Hii ndiyo silaha kuu.
- Jik au dawa nyingine ya aina hiyo, kwa vigae, vioo na plastiki tu.
- Chupa ya kupulizia maji.
- Skrepa ya fundi rangi na msasa.
- Mifuko mikubwa ya taka.
- Kipande cha nailoni ngumu na selotepu pana.
- Tochi, penseli, feni, na stuli isiyoyumba.

Siki na ndimu ziache jikoni. Sababu utaiona katika hatua ya tano.

## Hatua ya 1: Mhamishe mtoto

Mtoto na mama walale chumba kingine, au waende kwa bibi, kuanzia siku utakayogusa ukuta hadi siku chumba kitakapopita vipimo vya hatua ya nane. Kumhamishia upande wa pili wa chumba hakusaidii. Ukungu unaposuguliwa hurusha mbegu nyingi kuliko ukiachwa ulivyo.

Kama hakuna chumba kingine, fanya kazi asubuhi ya jua, mtoto ashinde kwa jirani, na usiku alale sebuleni na mlango wa chumba umefungwa. Kama mnaishi chumba kimoja tu, tafuteni angalau usiku mbili kwa ndugu. Najua si jambo jepesi kuomba, lakini ukimweleza ndugu kwamba ni kwa ajili ya kifua cha mtoto, wachache watakataa.

Mwenye pumu na mjamzito wasifanye usafi huu. Mama anayenyonyesha naye akipata wa kumsaidia amwachie, kwa sababu vumbi hushika nguo na nywele, na kichwa cha mtoto hulala kifuani kwake.

## Hatua ya 2: Hakikisha ni ukungu

Vitu vitatu huchanganywa kila siku.

Chumvi ya ukuta. Ni unga mweupe au vipele vinavyochomoza chini ya rangi, karibu na sakafu. Ukiusaga kwa vidole unachakarika, na ukiutonea maji unayeyuka. Chumvi haimdhuru mtoto kama ukungu, ila inakuambia kwamba ukuta unapitisha maji.

Masizi. Haya yako juu ya jiko au pale inapowashwa dawa ya mbu. Hayana harufu ya uvundo.

Ukungu. Ni madoa ya duara yanayoungana, meusi, kijani au kijivu, yenye harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Tonesha tone moja la Jik iliyochanganywa na maji. Doa likififia ndani ya dakika moja au mbili, huo ni ukungu. Likibaki jeusi, huenda ni uchafu au masizi.

Usihangaike kupima aina yake. Weusi peke yake haukuambii ukali wake, na ukungu wowote chumbani kwa mtoto unaondolewa kwa njia ileile.

Sasa pima ukubwa. Madoa yakiwa chini ya mita 1 ya mraba, kazi unaiweza. Yakizidi hapo, au yakiwa ndani ya dari, au maji ya mafuriko yaliingia ndani kama yanavyoingia Jangwani na bonde zima la Msimbazi, tafuta fundi. Hapo kuna lipu au jipsamu ya kubomolewa, na uchafu wa vyoo umechanganyika na maji hayo.

## Hatua ya 3: Tafuta maji yanakotoka

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo kazi ilipo. Tenga siku nzima.

Anza na umbo la doa. Doa lililo juu, pembeni ya dari, linalopanuka baada ya mvua, hutoka paani: msumari wa bati umeachia, kofia ya bati imepasuka, au majani ya mwembe yameziba mfereji. Panda darini ukiweza, au mtume fundi, siku mvua inaponyesha. Siku ya jua huoni maji yanakopita. Kumbuka kwamba maji hutembea juu ya mbao kabla ya kudondoka, kwa hiyo tundu linaweza kuwa mita mbili kutoka kwenye doa.

Doa lililo chini, linaloanzia sakafuni na kuishia usawa wa goti au kiuno, likiwa na mstari wa chumvi juu yake, ni maji ya ardhini yanayopanda. Toka nje utazame upande wa pili wa ukuta huo. Mara nyingi utakuta udongo au kifusi kimelundikwa hadi juu ya sakafu ya ndani, au maji ya kufulia yanamwagwa hapo, au barabara iliinuliwa na nyumba ikabaki shimoni.

Doa lililo katikati ya ukuta unaopakana na bafu ni bomba. Funga koki zote za nyumba, hakikisha tenki halijazwi, kisha uitazame mita ya maji kwa nusu saa. Ikisogea, kuna bomba linalovuja. Isiposogea, usilisahau bomba la maji machafu, kwa sababu halipiti kwenye mita. Mwaga ndoo mbili bafuni na uone kama doa litaiva kesho yake.

Doa lililo nyuma ya kabati, nyuma ya kitanda au pembeni pasipofika hewa, kwenye ukuta mkavu kwingine kote, ni mvuke wa ndani. Na nyumba yenye mtoto mchanga ina mvuke kuliko nyumba yoyote: maji ya kuoga yanachemshwa mara mbili tatu kwa siku, gesi inawaka muda mrefu (gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji), na nepi zimeanikwa kamba mbili chumbani kwa sababu nje inanyesha. Maji yote yaliyotoka kwenye nepi hizo yameingia hewani, na hewa imeyapeleka kwenye kona iliyotulia. Kule Arusha, Njombe, Mbeya au Nairobi ukuta huwa baridi alfajiri na mvuke hugeuka matone juu yake. Dar hali hiyo utaikuta kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Ukibaki na shaka, tumia kipimo cha nailoni. Kausha sehemu ya ukuta kwa kitambaa, bandika nailoni ya ukubwa wa daftari, uzibe pande zote nne kwa selotepu, na uiache siku mbili. Umande ukiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukiwa upande wa chumbani, ni mvuke wenu. Kipimo hiki kimewaokoa watu wengi na gharama ya kuezua paa lisilo na kosa.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja maji yanatoka wapi. Ukishindwa kuisema, usinunue chochote bado.

## Hatua ya 4: Yakate maji

Paa: misumari ibadilishwe, kofia izibwe, mfereji usafishwe.

Chini: ondoa udongo nje hadi uwe kama sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu ya ndani. Chimba mtaro mdogo unaopeleka maji mbali, na hamisha sehemu ya kufulia. Hili halimalizi tatizo la msingi usiowekewa nailoni wakati wa ujenzi, lakini mara nyingi hulipunguza sana, nalo ni kazi ya jembe na asubuhi moja.

Bomba: fundi bomba. Usikubali azibe kwa sementi juu ya unyevu bila kulifikia bomba lenyewe.

Mvuke: hatua ya mwisho ya mwongozo huu ndiyo tiba yake.

### Ukiwa mpangaji

Nilikowahi kupanga, nilipolalamikia unyevu mwenye nyumba aliniletea ndoo ya rangi. Ukuta ulipendeza miezi miwili, kisha rangi ikavimba kama malengelenge na nyuma yake kukawa kweusi kuliko mwanzo. Tangu hapo nawashauri watu waombe jambo mahususi, kwa heshima, kwa maandishi na kwa picha. Ujumbe wa namna hii hufanya kazi:

> Shikamoo baba. Natumaini nyumbani wote wazima. Ukuta wa chumba cha nyuma unapitisha maji tangu mvua zilipoanza. Fundi ameona misumari ya bati imeachia upande wa mwembe. Picha hizi hapa. Tuna mtoto wa wiki tatu, hatuwezi kumlaza humo. Naomba fundi apande wiki hii. Ukiridhia nimlete mimi, nitakutumia makadirio kwanza, na gharama tuikate kwenye kodi ijayo. Risiti nitakutunzia.

Subiri jibu la "sawa" kwa maandishi kabla ya kutoa hela yako. Makubaliano ya mdomo kuhusu kodi huzua ugomvi, na hiki si kipindi cha kugombana.

## Hatua ya 5: Safisha

Chagua siku ya jua. Toa kila kitu kinachobebeka. Fungua madirisha yanayotazama nje, funga mlango unaoingia ndani ya nyumba, na uweke taulo lenye maji chini yake. Zima feni. Feni wakati wa kusugua husambaza vumbi hadi juu ya kabati la mtoto.

Lowesha kwanza. Pulizia maji ya sabuni polepole juu ya madoa yote na usubiri dakika 10. Ukungu haufagiliwi wala haupigwi brashi ukiwa mkavu.

Sugua kutoka ukingoni kuingia ndani, ili usiupanue. Futa kwa tambara, suuza tambara kwenye ndoo ya pili, na badilisha maji yakichafuka. Rudia hadi tambara litoke safi. Unachotaka ni kuutoa kabisa, kwa sababu hata ukungu uliokufa humkera mtoto njia ya hewa. Ndiyo maana sabuni na nguvu za mkono hushinda dawa inayoubadilisha rangi tu.

Vigae, vioo, plastiki, fremu za alumini. Baada ya sabuni, suuza vizuri. Kisha paka Jik ya karibu asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 10 vya maji ya baridi. Iache dakika 10, suuza, kausha. Changanya ya kutosha siku hiyo tu, maana ikilala hupungua nguvu.

Ukuta wa lipu au rangi ya maji. Hapa Jik hudanganya. Huufanya juu kuwa mweupe, lakini nyuzi za ukungu zimeingia ndani ya lipu, na maji uliyoyachanganya nayo huzifuata na kuzinywesha. Tumia sabuni, kisha kwangua kwa skrepa rangi yote iliyolegea, ukiuweka ukuta na umajimaji ili vumbi lisiruke. Lipu ikimomonyoka kama biskuti, itolewe hadi kufikia tofali.

Jipsamu, silingibodi na mbao za kubandika. Ukungu ukishaingia humo hausafishiki. Kata kipande hicho, kidondokee moja kwa moja kwenye mfuko ulioshikwa chini yake, funga, toa nje.

### Onyo ambalo sitalifupisha

Usichanganye Jik na siki, ndimu, au asidi ya kusafishia choo: hutoa gesi ya klorini. Usiichanganye na dawa yenye amonia: hutoa gesi nyingine mbaya. Mkojo nao una amonia, kwa hiyo nepi yenye mkojo isuuzwe kwa maji kabla ya kukaribia Jik. Ukisikia macho na koo vinawaka, acha kila kitu, toka nje uvute hewa. Ikiingia machoni, yaoshe kwa maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali. Na Jik isihifadhiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa dakika moja.

Ukimaliza, nguo zako zifuliwe peke yake, nawe uoge na kuosha nywele kabla ya kumshika mtoto.

Umefaulu ikiwa kesho yake ukuta ukikauka, ukipitisha kitambaa cheupe kikavu, hakichukui weusi.

## Hatua ya 6: Vitu vya mtoto

Godoro. Godoro la sponji la mtoto likiwa na madoa ya ukungu, litupwe. La wakubwa lenye doa dogo la juu juu laweza kufutwa kwa sabuni na kuanikwa jua kali siku kadhaa, lakini la mtoto sina njia ya kati ya kukupa. La sufi lililolowa ni hivyohivyo. Usifunike godoro bovu kwa nailoni ili uendelee kulitumia. Nailoni inayolegea ni hatari ya kumziba mtoto pumzi.

Nguo, mashuka, khanga za kumbebea. Fua kwa maji ya moto na sabuni, suuza, anika juani hadi zikauke kabisa, kisha pasi.

Chandarua chenye dawa. Hapa wengi huharibu. Usikitie Jik wala usikianike juani, dawa yake hupotea. Kifue taratibu kwa sabuni laini ya kawaida na maji ya baridi, ukianike kivulini penye upepo. Malaria bado ni tishio kubwa kwa mtoto, na kutibu ukungu hakupaswi kumwachia mbu.

Wanasesere wa mpira wa kubonyeza. Maji hubaki ndani na ukungu huota usikouona. Tupa. Chuchu za chupa zenye madoadoa meusi, tupa.

Kabati. Futa ndani na nyuma kwa sabuni, kausha juani milango ikiwa wazi. Usiweke vidonge vyeupe vya naftalini kwenye nguo za mtoto ili kuua harufu. Wapo watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyo ya kawaida katika ukanda wetu, na naftalini inaweza kuvunja chembe zao nyekundu za damu hadi wakapata manjano makali na kuishiwa damu. Wazazi wengi hawajui kwamba mtoto wao anayo.

Udi na ubani pia viache kwanza. Hufunika harufu ambayo ni ishara yako kwamba ukungu umerudi, na moshi wake hautakii heri mapafu yaleyale unayoyalinda.

## Hatua ya 7: Kausha, na kausha kweli

Sasa washa feni, iulenge ukuta, madirisha wazi mchana. Pwani hewa huwa kavu kidogo kuanzia kama saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni. Fungua wakati huo kuliko alfajiri. Jioni funga kabla mbu hawajaingia.

Usiingize jiko la mkaa chumbani kukausha ukuta. Nalisema kwa uchungu kwa sababu linafanywa kila masika. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Mtoto huzidiwa mapema. Jiko la mafuta ya taa nalo halikaushi, huongeza mvuke.

Kwa mvuke wa ndani, siku mbili hadi tano zinatosha. Kwa ukuta uliolowa hadi ndani, kadiria mwezi mmoja kwa kila inchi moja ya unene inayopaswa kukauka. Watu husikitika wakisikia hivyo. Lakini ndiyo sababu ya rangi yao kubanduka kila mwaka, na chumba unaweza kukitumia ukuta ukiwa wazi, mradi umesafishwa na hauoti tena.

Rudia kipimo cha nailoni. Ikikaa siku mbili bila umande upande wa ukutani, ukuta uko tayari.

## Hatua ya 8: Rangi, kisha mtoto arudi

Rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye historia ya unyevu hufungia maji ndani. Tumia rangi ya maji inayoruhusu ukuta upumue, au chokaa. Chokaa ni kali kiasi kwamba ukungu hauipendi, ni nafuu, na kwa nyumba za kale za mawe na chokaa kama za Mji Mkongwe ndiyo inayoelewana na ukuta. Sementi na rangi za plastiki juu ya kuta hizo huzifanya zitoe jasho. Ila chokaa mbichi huunguza macho na ngozi, kwa hiyo vaa miwani, na mtoto asifike hapo hadi ikauke.

Mrudishe mtoto vipimo hivi vyote vinne vikitimia:

1. Nailoni haina umande upande wa ukutani.
2. Kitambaa cheupe hakichukui weusi.
3. Chumba kikifungwa usiku mzima, asubuhi hakina uvundo. Mwite mtu wa nje anuse; pua yako imeshazoea.
4. Harufu ya rangi na Jik imeisha kabisa.

Kitanda kikae mbali na ukuta, angalau upana wa kiganja, na godoro liwe juu ya chaga, si sakafuni. Kabati vivyo hivyo.

## Hatua ya 9: Siku arobaini na nepi

Arobaini ndiyo kipindi kigumu. Bibi anataka madirisha yafungwe mtoto asipigwe na upepo, maji ya kumkanda mama yanatoa mvuke humohumo, na nepi ziko kamba nzima. Bibi ana nia njema, na kubishana naye hakuleti hewa. Kilichofanya kazi kwa binti wa dada yangu kilikuwa hiki: kila siku saa sita mchana mama na mtoto walihamia sebuleni, mtoto amefunikwa vizuri, na chumba kikafunguliwa dirisha na mlango kwa saa mbili hewa ipite. Bibi mwenyewe ndiye akawa mlinzi wa ratiba hiyo.

Kukanda kufanyike bafuni au uani. Sufuria ya maji ya kuoga ifunikwe hadi inapotumika. Nepi zianikwe barazani chini ya paa, hata kama zitachukua siku mbili. Ongeza idadi ya nepi ukiweza kuliko kuzianika chumbani. Zikilazimika kuwa ndani, ziwe chumba asicholala mtoto, dirisha wazi na feni ikizielekea.

Mwisho, chukua penseli na uzungushie pale madoa yalipokuwa, uandike tarehe pembeni. Baada ya kila mvua kubwa, sogeza kitanda, mulika kwa tochi, gusa kwa kiganja. Ukiona weusi ndani ya mstari au nje yake, mtoto alale kwingine usiku huo, nawe urudi hatua ya 3 ukiwa na kipande cha nailoni mkononi. Jik iache kabatini.